Ely Culbertson: Bingwa wa karata aliyeufundisha ulimwengu kusema na kunyamaza

WATU wanne walipoketi kuzunguka meza ya karata katika hoteli ya Chatham jijini New York mnamo Desemba 7, 1931, Marekani ilikuwa imezama katika mdororo mkubwa wa kiuchumi. Mabenki yalikuwa yakifungwa na mamilioni ya watu walikuwa wamepoteza kazi. Hata hivyo, kwa muda wa mwezi mzima, habari za meza hiyo ziligombea nafasi na habari za siasa na umaskini katika kurasa za kwanza za magazeti.

Waliokuwa wakipambana ni mabingwa wa briji, na aliyeuchochea mpambano huo ni Ely Culbertson, mwanamume mrefu, mwembamba na mwenye ulimi mwepesi. Miaka 10 awali alikuwa mcheza kamari asiye na mbele wala nyuma. Sasa alikuwa tajiri, mwandishi wa vitabu vilivyonunuliwa kwa pupa, na adui wa takriban kila mwalimu maarufu wa karata nchini humo.

Fedha zilizowekwa dau zilikuwa za kutolewa sadaka. Ugomvi wenyewe ulihusu lugha. Culbertson alishikilia kwamba yapo maneno ambayo mchezaji akiyatamka, mwenzake hana hiari ya kunyamaza. Wazo hilo lilimpa jina na mali, likamfuata katika ndoa yake, na hatimaye likamfanya aote kuyapatanisha mataifa ya dunia.

MCHEZO WENYE MANENO 15

Kila aliyewahi kucheza karata barazani anazijua kopa, shupaza, uru na pao, pamoja na turufu inayozishinda zote. Majina hayo Kiswahili kiliyapata kwa Wareno waliofika pwani ya Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita. Briji hutumia karata zizo hizo 52, lakini ina jambo moja ambalo michezo mingi haina, nalo ni mnada.

Wachezaji huwa wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenza hukaa wakitazamana. Kila mmoja hugawiwa karata 13. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, pande hizo mbili hushindana kunadi idadi ya raundi ambazo kila upande unaahidi kushinda, na aina ya karata itakayokuwa turufu. Upande unaonadi juu zaidi hupata mkataba. Ukiutimiza hupewa alama. Ukishindwa hutozwa faini inayoandikwa kwa wapinzani.

Ugumu ni kwamba kila mchezaji anaziona karata zake pekee. Haruhusiwi kukonyeza, kukunja uso wala kubadili sauti. Ana maneno 15 tu ya kumweleza mwenzake alicho nacho: nambari moja hadi saba, majina ya aina nne za karata, tamko la bila turufu, pasi, dabo na ridabo.

Dabo kwa asili ni tishio. Anayeisema huwaambia wapinzani kuwa mkataba wao hautatimia na kwamba yuko tayari faini iongezwe maradufu. Pasi kwa asili ni kunyamaza. Mageuzi makubwa ya briji katika karne ya 20 yalitokana na kugundua kwamba maneno hayo mawili, ambayo hayataji karata yoyote, yanaweza kubeba ujumbe kuliko mengine yote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika briji methali hiyo ni kanuni ya kazi.

MTOTO WA MAFUTA NA MAPINDUZI

Ely Culbertson alizaliwa Julai 22, 1891 katika kijiji cha Poiana Vărbilău nchini Romania. Baba yake alikuwa mhandisi Mmarekani wa migodi aliyeajiriwa katika visima vya mafuta, na mama yake alikuwa Mrusi, binti wa jenerali wa Kikosaki. Kwa hivyo mtoto huyo alikuwa raia wa Marekani tangu kuzaliwa, ingawa alikulia katika milima ya Kaukasia, akizungumza lugha kadhaa na kusoma vitabu vya kila aina.

Alisoma katika vyuo vya Paris na Geneva. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika ujana wake alijiunga na wanamapinduzi na kufungwa gerezani. Masimulizi hayo yanapaswa kupokewa kwa hadhari, kwa kuwa Culbertson hakuwa mtu wa kuiacha hadithi nzuri iende bila kuipamba. Lisilo na shaka ni kwamba mapinduzi ya Urusi ya 1917 yaliufilisi ukoo wake. Mali yote ya mafuta ilipotea, na kijana aliyezoea utajiri akajikuta jijini Paris akiishi kwa kucheza karata.

Mnamo 1921 alirejea Marekani. Jijini New York aliendelea kujikimu kwa poka na kwa briji ya wakati huo. Alikuwa na akili ya kupima hatari, na alikuwa amesoma vitabu vya saikolojia na siasa. Alianza kuyachunguza maswali ambayo wacheza kamari wenzake hawakuyashughulikia: kwa nini watu wawili hodari wanaposhirikiana hushindwa na wawili wa wastani wanaoelewana?

Jibu la kwanza alilipata kwa mwanamke. Josephine Murphy Dillon, mjane mchanga, alikuwa karani wa Wilbur Whitehead, mmoja wa walimu walioheshimika zaidi wa briji. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu na mchezaji wa kiwango cha juu. Walioana mnamo 1923. Ely alikuwa wa moto, mwenye kujigamba na mwepesi wa kuthubutu. Josephine alikuwa mtulivu na makini. Mezani waliunda jozi iliyoogopwa.

BAHATI YA MWAKA WA 1925

Mnamo 1925 tajiri Harold Vanderbilt, akiwa safarini kwa meli iitwayo Finland kutoka Los Angeles kuelekea Havana, alibuni utaratibu mpya wa kuhesabu alama. Katika briji ya awali, mchezaji aliyenadi kidogo na kushinda raundi nyingi alizihesabiwa zote. Vanderbilt aliamuru kwamba raundi zitakazohesabiwa kuelekea ushindi ni zile tu zilizotajwa katika mkataba. Vilevile aliongeza zawadi kubwa kwa wanaonadi juu na faini kali kwa wanaoshindwa.

Mabadiliko hayo yalionekana madogo lakini yaliupindua mchezo mzima. Ghafla ilikuwa lazima kujua, kabla ya kucheza, nguvu kamili za pande zote mbili za jozi. Mnada uligeuka kutoka mashindano ya ujasiri hadi mazungumzo.

Culbertson alitambua mapema kuliko wenzake kwamba mamilioni ya watu wangehitaji kufundishwa upya, na kwamba atakayewapa lugha iliyo rahisi kukariri angetawala. Mnamo Oktoba 1929, mwezi uleule ambao soko la hisa la New York liliporomoka, alianzisha jarida la Bridge World. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha kwanza kikubwa, kilichojulikana kama Kitabu cha Buluu, nacho kikauzwa kwa wingi usiotarajiwa katika mwaka wa shida.

NENO LINALOFUNGA

Msingi wa mafundisho yake ulikuwa mgawanyo wa maneno ya mnada katika makundi. Kulikuwa na maneno ya kualika, ambayo mwenza angeweza kuyakubali au kuyakataa. Kulikuwa na maneno ya kusitisha. Na kulikuwa na maneno ya kulazimisha.

Mfano maarufu ni ule wa kufungua mnada kwa kutaja mbili za aina fulani, kwa mfano kopa mbili. Katika mfumo wa Culbertson, tamko hilo lilimaanisha kwamba mwenye kunadi ana karata nzito kiasi cha kukaribia kuishinda gemu peke yake. Mwenza, hata kama mkononi hana chochote cha maana, hakuruhusiwa kusema pasi. Alitakiwa kujibu bila turufu mbili, jibu lililomaanisha kwamba hana kitu lakini amesikia. Mazungumzo yaliendelea hadi kiwango cha gemu kifikiwe. Kuyakatiza njiani kulihesabiwa kuwa usaliti.

Dabo nayo ilikuwa imeshapata maana ya pili. Katika muongo wa 1910, Meja Charles Patton wa New York na Bryant McCampbell wa St. Louis, kila mmoja kivyake, walikuwa wamevumbua dabo ya kuuliza. Mpinzani akifungua kwa kopa moja, ni nadra mchezaji anayefuata kuwa na uhakika wa kumwangusha katika kiwango cha chini hivyo. Basi dabo yake hapo haikuwa tishio. Ilimwambia mwenza kwamba msemaji ana kopa chache na nguvu katika aina nyingine tatu, na kumwagiza ataje aina aliyo nayo kwa wingi, awe na karata nzuri au mbovu.

Culbertson aliieneza kanuni ya kutofautisha dabo hizo mbili hadi vijijini. Iwapo mnada uko chini na mwenza hajanadi lolote, dabo inauliza. Iwapo mwenza ameshasema, au mnada umepanda juu, dabo inaadhibu. Mwenza mwenye kopa nyingi na nzito pekee ndiye aliyeruhusiwa kuinyamazia dabo ya kuuliza na kuigeuza adhabu.

Mshirika wake, Theodore Lightner, alibuni dabo nyingine mnamo 1929 ambayo bado ina jina lake. Wapinzani wakinadi raundi 12 au zote 13, dabo ya Lightner humwomba mwenza aanze kwa karata asiyoitarajia, kwa kawaida aina ambayo msemaji hana hata moja na hivyo anaweza kuikata kwa turufu. Kwa neno moja fupi, mkataba mkubwa uliweza kuangushwa katika raundi za mwanzo.

Hatari ya lugha hii ni dhahiri. Jozi ambayo mmoja anadhani neno linalazimisha na mwingine anadhani linaalika itaangamia. Ndiyo maana Culbertson alisisitiza kuaminiana kuliko werevu.

DAMU MJINI KANSAS CITY

Tukio moja la kuhuzunisha liliusaidia umaarufu wake. Mnamo Septemba 29, 1929 mjini Kansas City, John Bennett na mkewe Myrtle walicheza briji nyumbani na majirani. Bennett alishindwa kuutimiza mkataba wa shupaza nne. Maneno makali yalifuatwa na kofi, na muda mfupi baadaye Myrtle alimuua mumewe kwa bastola. Mnamo 1931 mahakama ilimwachilia.

Culbertson aliitumia kesi hiyo bila haya. Alizichambua hadharani karata zilizosemekana kuwa ndizo zilizochezwa usiku ule, ingawa uhakika wake ni mdogo, na kueleza jinsi mnada wenye utaratibu ungaliepusha maafa. Wake na waume kote Marekani walipata sababu ya kununua vitabu vyake. Huu ulikuwa upande wake usiopendeza: aliweza kukigeuza kilio cha watu kuwa tangazo la biashara.

VITA VYA KARNE

Mnamo 1930 alivuka bahari hadi London kupambana na timu ya Kanali Walter Buller, aliyedharau mbinu za Kimarekani na kuamini kwamba Mwingereza anapaswa kunadi moja kwa moja kile alicho nacho. Baada ya migao 200, Ely, Josephine, Lightner na Waldemar von Zedtwitz walishinda kwa alama 4,845.

Ushindi huo uliwatia hofu wapinzani wake nyumbani. Walimu 12 maarufu waliungana na kutangaza mfumo wao waliouita rasmi. Culbertson alimchagua mmoja wao, Sidney Lenz, na kumwekea dau la dola 5,000 kwa 1,000 kwamba mfumo wake ungeshinda katika raba 150, yaani mechi za kushinda gemu mbili kati ya tatu. Mwamuzi mkuu alikuwa luteni wa jeshi aitwaye Alfred Gruenther, ambaye baadaye alikuwa jenerali na kamanda mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya.

Mpambano ulianza hotelini Chatham na kumalizikia katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Culbertson alichelewa kufika, alifikiri kwa muda mrefu mno na kuwaudhi mahasimu wake kila alipopata nafasi. Lenz alikuwa na mwenza kijana, Oswald Jacoby, mmoja wa wachezaji wenye vipaji vikubwa kabisa. Lakini wawili hao hawakuelewana. Baada ya raba 103 walizozana na Jacoby akajiuzulu, nafasi yake ikachukuliwa na Winfield Liggett.

Upande wa pili, Josephine alicheza raba 88 kwa utulivu uliosifiwa hata na wapinzani. Mechi ilipokwisha Januari 1932, Culbertson alikuwa ameshinda kwa alama 8,980. Wajuzi walisema tofauti hiyo ni ndogo na kwamba karata hazikuthibitisha ubora wa mfumo wowote. Hoja hiyo haikusikika. Umma ulikuwa umeshaona jozi moja ikivunjika na nyingine ikisimama imara.

Ushindi mwingine ulifuata. Mnamo 1933 timu yake ilimshinda Kanali Henry Beasley jijini London kwa alama 10,900. Mnamo 1935 Ely na Josephine walipambana na wanandoa wengine, Hal na Dorothy Sims, na kuwashinda kwa alama 16,130 katika raba 150.

ALIYE JUU MNGOJE CHINI

Kufikia katikati ya miaka ya 1930, Culbertson alikuwa na jarida, shule, walimu waliosajiliwa, makala katika magazeti na biashara ya karata. Mapato yalikuwa makubwa, na matumizi yalikuwa makubwa vilevile.

Pigo la kwanza lilitoka Budapest mnamo 1937. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Ely, Josephine, Helen Sobel na Charles Vogelhofer walibwagwa na timu ya Austria iliyoongozwa na Paul Stern. Waaustria walitumia mfumo mpya wenye maneno ya bandia mengi kuliko yale ya Culbertson. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu kwa kuifuata njia yake hadi mbali zaidi.

Pigo la pili lilikuwa la nyumbani. Mnamo 1938 Ely na Josephine walitalikiana. Walikuwa na watoto wawili, na kwa miaka 15 walikuwa kielelezo cha wenza waliosikilizana. Yaonekana mwanamume aliyeandika kwa ustadi kuhusu wajibu wa kumjibu mwenza hakuweza kuishi na wajibu huo nje ya meza. Josephine aliendelea kufundisha na kuandika, akiheshimika kwa haki yake mwenyewe. Ely alioa tena mnamo 1947.

Wakati huo wakili kutoka Philadelphia, Charles Goren, alikuwa akiinuka. Culbertson alikuwa amewafundisha watu kupima karata kwa utaratibu uliohitaji kukumbuka sehemu na nusu. Goren alieneza hesabu ya alama nne, tatu, mbili na moja kwa karata nne za juu, hesabu ambayo yeyote angeielewa kwa dakika chache. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina la Culbertson lilikuwa limefifia.

Yeye hakupigana sana kulitetea. Baada ya kuchapisha masimulizi ya maisha yake mnamo 1940, alijitosa katika suala la amani ya dunia. Katika kitabu chake cha 1943 alipendekeza shirikisho la mataifa lenye jeshi la pamoja, ambamo kila taifa lingewekewa kiwango cha silaha nzito ili lisiweze kuwashinda wengine wote. Wengi waliona ajabu mcheza karata kuwafunza marais. Lakini fikra yake ilikuwa ileile ya tangu zamani: ahadi isiyomlazimisha mtu kujibu haina thamani siku ya hatari. Umoja wa Mataifa ulipoundwa mnamo 1945, haukuchukua mpango wake. Aliendelea kuupigia debe hadi nguvu zilipomwishia.

Ely Culbertson alifariki Desemba 27, 1955 mjini Brattleboro, jimbo la Vermont, akiwa na umri wa miaka 64. Josephine alimfuata miezi mitatu tu baadaye, Machi 1956.

URITHI WAKE

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Josephine, mchezaji Alvin Roth aliigeuza tena maana ya dabo. Kulingana na kanuni ya zamani, iwapo mwenza amefungua na mpinzani akaingilia, dabo ilikuwa ya kuadhibu. Roth alisema nafasi ya kuadhibu chini hivyo huja kwa nadra, basi afadhali neno hilo lionyeshe aina za karata ambazo hazijatajwa. Kwa kuwa Warusi walikuwa wamerusha satelaiti yao mwaka huohuo wa 1957, dabo hiyo iliitwa Sputnik. Baada ya hapo dabo za ushindani zilizaliwa moja baada ya nyingine, na ile ya kuadhibu ikawa kitu adimu katika viwango vya chini.

Pasi pia iliingia katika kundi la maneno ya kulazimisha. Chukua jozi ambayo mnada wake umeshaonyesha nguvu za kutosha gemu, ikafika shupaza nne. Wapinzani, wakijua watashindwa, wananadi uru tano ili kuvuruga, wakitumaini kwamba faini itakuwa nafuu kuliko gemu. Mchezaji anayefuata akisema pasi, hajakata tamaa. Anamwambia mwenzake kwamba hawezi kuamua peke yake: atie dabo awaadhibu, au apande hadi shupaza tano. Jambo moja limekatazwa kabisa, nalo ni mwenza kusema pasi pia na kuwaacha wapinzani watoroke na uru tano bila dabo.

Kanuni hizo za Roth na za waliomfuata hazikuwa za Culbertson, na mfumo wake wenyewe hauchezwi tena. Lakini zote zimejengwa juu ya msingi alioutandaza: kwamba wenza wanaweza kuafikiana mapema ni neno gani, na hata ni kimya gani, kinachomfunga mwingine. Mnamo 1964, jumba la heshima la briji lilipoanzishwa nchini Marekani, majina matatu ya kwanza kuandikwa yalikuwa ya Vanderbilt aliyebuni sheria, Goren aliyerahisisha hesabu, na Culbertson aliyewafundisha watu kuzungumza.